Tutakujibu Hivi Punde

Biharamulo Mjini
5 Februari 2024

Shikamoo Mwalimu Ildefonsa,

Najua kwanza utaniuliza habari za mama, kwa hiyo naanza na hizo: mama mzima, mguu umepungua kuvimba. Anakusalimu sana. Sasa nina jambo.

Ile tovuti yetu ya Ndugu Zetu imezeeka. Usikasirike. Wiki nzima nimekuwa nikiangalia tovuti za watu wengine, za Mwanza, za Nairobi, hata za mbali zaidi, kisha nikafungua ya kwetu nikaona aibu. Majina yamepangwa moja chini ya jingine kama orodha ya wanafunzi waliochelewa namba ya asubuhi. Bluu ile niliichagua mwaka 2019, wakati sijui chochote. Siku hizi mtu akifungua ukurasa anapokelewa na picha moja kubwa inayojaza kioo chote, maneno machache, na kitufe kimoja chenye kona za mviringo. Maandishi yanaingia yenyewe taratibu. Orodha ndefu hakuna anayeweka tena.

Unajua ninaendesha tovuti nne: ya wafuga nyuki wa Bisibo, ya nyumba ya wageni hapa mjini, ya kwaya, na hii yetu. Zile tatu ni kazi. Hii ndiyo ninayotaka kuwaonyesha watu wakiniuliza nafanya nini duniani, na ndiyo mbaya kuliko zote. Kila nikimaliza kubadilisha moja, nakuta mtindo umeshahama. Situlii, Mwalimu. Naamka nawaza fonti.

Naomba ruhusa niibadilishe. Na unitumie picha ya barabara ya kwetu Murusagamba, pale inapopanda katikati ya migomba.

Mwanafunzi wako,
Nice Emilian

*

Murusagamba
17 Februari 2024

Mwanangu Nice,

Marahaba. Barua pepe yako nimeifungua leo, mtandao wetu ulikuwa chini siku nane.

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Mitaala imebadilika, vitabu vimebadilika, watoto wakasoma vilevile. Kwa hiyo sikatazi kubadilisha. Ila nisikilize kidogo. Yale majina mia mbili na kumi na saba niliyakusanya kwa miguu na kwa pikipiki, huku kwetu na Keza, nyumba kwa nyumba. Watu waliopotezana na ndugu zao wakati wa kukimbia kutoka Burundi na Rwanda hawataji majina hayo kwa wepesi. Wengine walikaa kimya mpaka nikafikiri nimewaudhi, ndipo wakataja.

Kuna mzee Keza anaitwa Ntakirutimana. Alivuka mpaka mwaka 1972 akiwa na miaka kumi na mitatu, amemshika mkono mdogo wake wa miaka sita. Watu walikuwa wengi, wakasukumwa, mkono ukachomoka. Mama yao amefia Keza bila kumwona binti yake tena. Mtoto huyo ni Clotilda Nahimana, namba thelathini na moja kwenye orodha. Kila Jumapili baada ya misa, mzee anasimama nje ya kanisa pale mtandao unapokamata, anafungua tovuti kwa simu yake iliyopasuka kioo, anashuka hadi namba thelathini na moja, anasoma, anafunga. Nilipomuuliza akasema, "Nahakikisha bado yupo."

Weka rangi unazotaka. Ila namba thelathini na moja aikute.

Picha ya barabara naiambatanisha.

Mwl. Ildefonsa Thobias

*

Biharamulo Mjini
24 Machi 2024

Shikamoo Mwalimu,

Imekwisha! Tangu juzi iko hewani. Fungua uone barabara yetu inavyojaza kioo, na ukungu wake, halafu maneno yanaelea juu: "Hakuna aliyepotea moja kwa moja." Nimetumia templeti mpya kabisa. Rangi ni nyeusi na dhahabu, ndiyo inayotamba mwaka huu. Niliiweka kwenye kundi letu la watengeneza tovuti wakanipongeza vijana wa mikoa mitano. Mmoja aliniuliza kama nimesomea chuo.

Majina yapo, usiwe na wasiwasi. Mtu anabofya "Hadithi zetu", kisha "Soma zaidi", kisha anachagua wilaya. Ni mpangilio wa kisasa.

Ninachokipenda zaidi ni fomu ya kutuma ujumbe. Mtu akimaliza kuandika na kubofya, kinatokea kialama cha kijani kinachojichora chenyewe, na maneno: "Asante! Tutakujibu hivi punde." Nimekibofya mara ishirini kukiangalia tu.

Wako,
Nice

*

Murusagamba
20 Mei 2024

Mwanangu Nice,

Ni nzuri. Nimeiona kwa simu ya paroko, kwa yangu haifunguki. Inazunguka, inazunguka, bando linakwisha.

Nina swali moja. Zamani ulikuwa unanitumia ujumbe wa watu wawili, watatu kwa mwezi. "Namfahamu huyu," au "Huyu alikuwa jirani yetu kambini." Wengi walikosea, lakini waliandika. Tangu Machi hujanitumia hata mmoja. Aprili, hakuna. Mei, hakuna. Je, watu wameacha kutafutana?

Naye mzee Ntakirutimana amekuja hapa kwa miguu kutoka Keza, barabara bado ina matope. Anasema anaona giza na ukungu, jina halioni.

Moyo wangu hautulii, Nice. Angalia.

Mwl. Ildefonsa

*

Bisibo
23 Mei 2024

Shikamoo Mwalimu,

Pole na barabara. Nadhani watu wako kwenye mavuno ya maharage, hawana muda wa simu. Pia mtandao umesumbua mkoa mzima. Wanaotembelea tovuti wameongezeka mara tatu, naona hesabu zao kila asubuhi, kwa hiyo kitu kinafanya kazi.

Mwambie mzee abofye "Hadithi zetu", kisha "Soma zaidi", kisha "Ngara".

Kwa kweli nilikuwa nataka kuibadilisha tena. Nyeusi imeshachosha, sasa wanarudi kwenye rangi ya udongo na herufi kubwa nene. Ila wiki hii niko Bisibo na wafuga nyuki, wanataka picha za mizinga yao zitembee zenyewe.

Nitaangalia. Nakuahidi.

Nice

*

Murusagamba
16 Juni 2024

Nice,

Leo ni Jumapili. Nilikwenda Keza kusali huko makusudi. Baada ya misa mzee Ntakirutimana hakutoa simu. Nikamuuliza kulikoni. Akanivuta pembeni akasema, "Mwalimu, niambie ukweli, mimi ni mtu mzima. Wamemfuta kwa sababu wamepata habari zake, siyo? Amekufa?"

Nikamwambia hapana, ni mtindo tu.

Akauliza, "Mtindo ni nini?"

Nilishindwa kumweleza. Mimi, mwalimu. Nilisimama pale kama mtoto aliyeitwa ubaoni hajui kitu. Aliniangalia, akaniambia, "Basi asante kwa kunificha kwa heshima," akaondoka. Mke wake anasema ameagiza misa ya kumwombea marehemu, Jumamosi ijayo.

Sikuombi tena, nakuagiza: rudisha yale majina mbele. Leo.

Mwl. Ildefonsa Thobias

*

Biharamulo Mjini
18 Juni 2024

Shikamoo Mwalimu,

Nimerudisha. Orodha iko mbele, picha nimeiondoa, inafunguka hata kwa simu ndogo. Naomba umwambie mzee kabla ya Jumamosi kwamba hakuna habari za kifo. Mwambie mimi nimesema. Mwambie asimamishe ile misa.

Samahani kwa haraka. Nina swali: mzee anakumbuka jambo lolote la mdogo wake ambalo mtu mwingine hawezi kulijua? Alama mwilini, au tukio la nyumbani. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Nice

*

Murusagamba
22 Juni 2024

Nice,

Misa imesimamishwa. Mzee amelia mbele yangu, sikuwahi kumwona hivyo.

Anasema Clotilda aliumwa na mbwa wa jirani juu ya goti la kushoto, na kwamba alikuwa hali maharage mpaka mama ayapondeponde.

Sasa mimi nakuuliza wewe. Tangu lini unataka mambo ya kumbukumbu? Unanificha kitu. Nilikusahihishia madaftari miaka minne, naujua mwandiko wako unapoharakisha kuvuka mahali.

Ildefonsa

*

Kwa mkono wa Limi
Bisibo, 1 Julai 2024

Mama Clotilda, shikamoo.

Mimi ndiye yule binti uliyemfungia mlango asubuhi hii. Sikulaumu. Nimekaa hapa kwa katibu wa wafuga nyuki nikakuandikia, na binti yako Limi amekubali kukuletea.

Ulituandikia mara tatu. Barua zako ninazo, nimezinakili hapa ili ujue kwamba zipo.

Tarehe 30 Machi uliandika: "Mimi naitwa Clotilda. Nililelewa Bisibo na watu waliokuwa wananiita hivyo, jina lingine nililisahau. Binti yangu amenionyesha kwenye simu jina Clotilda Nahimana. Nimelitamka, nikakaa chini. Nadhani ni mimi. Nina kovu la mbwa juu ya goti."

Tarehe 21 Aprili: "Naomba jibu, hata fupi."

Tarehe 12 Mei: "Nimeelewa. Kaka yangu amesoma na hataki. Ana haki. Mwambieni sina kinyongo naye. Sitawasumbua tena."

Mama, kaka yako hajasoma hata neno moja. Hakuna aliyesoma. Nilibadilisha tovuti ili ipendeze, nikaweka fomu mpya, na sikuijaribu kama inafikisha ujumbe kwangu. Nilijaribu tu kama inapendeza. Ujumbe wa watu uliingia ndani ya mfumo ukakaa humo, na kila mmoja wenu aliambiwa "Asante, tutakujibu hivi punde." Nimeukuta tarehe 18 Juni, nilipokuwa narudisha majina mahali pake. Nilikaa nao siku kumi na tatu bila kumwambia mtu, kwa sababu niliona aibu. Hilo la pili ni kosa kubwa kuliko la kwanza.

Anaitwa Ntakirutimana. Yuko Keza, Ngara. Ni mzima. Kila Jumapili alikuwa anasoma jina lako.

Nitasubiri hapa Bisibo hadi kesho mchana.

Nice Emilian

*

Bisibo
2 Julai 2024

Nice,

Mimi siandiki vizuri, nimejifunza ukubwani. Limi ananisahihishia herufi lakini maneno ni yangu.

Umeniumiza. Miezi mitatu nilikuwa nikimwona mtu anashuka barabarani nasema huyo ametumwa kwangu. Kisha nikaona ni adhabu yangu. Nikuambie kwa nini. Siku ile hatukusukumwa. Watu watasema tulisukumwa, lakini mkono niliuchomoa mimi. Niliona mwanamke amebeba mtungi kama wa mama, nikamkimbilia, kumbe siye. Nilipogeuka kaka hayupo. Kwa hiyo ulipokaa kimya nilisema amekumbuka, hajanisamehe.

Hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Nauliza jambo moja tu. Mama yupo?

Clotilda

*

Biharamulo Mjini
3 Julai 2024

Shikamoo Mwalimu,

Uliniuliza ninaficha nini. Nakujibu.

Clotilda Nahimana yuko hai. Yuko Bisibo, kilomita chache kutoka mahali ninapopigia picha mizinga ya nyuki. Mwezi Mei, nilipokuandikia kwamba watu wako kwenye mavuno, nilikuwa nimelala kijijini kwake siku nne.

Alituandikia mara tatu. Kuna ujumbe kumi na mmoja, wa watu tisa, tangu Machi hadi Juni, na sikuuona hata mmoja kwa sababu fomu yangu nzuri haikuwa imeunganishwa. Kama ungenyamaza mwezi Mei ningekuwa na kisingizio kwamba sikujua. Lakini ulinisihi niangalie, nami nikaahidi, nikarudi kuangalia rangi. Nimemwambia jana kwamba mama yao alishafariki. Aliuliza kaburi liko wapi. Nikasema Keza. Akaingia ndani akaanza kukunja nguo.

Wanakuja, yeye na Limi, Jumamosi. Watapanda basi hapa Biharamulo hadi Ngara, kisha pikipiki. Naomba umwandae mzee taratibu, moyo wake usishtuke.

Mimi sitakuja. Sina uso.

Nice

*

Murusagamba
9 Julai 2024

Nice,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nilikasirika hata sikuweza kukujibu. Mzee alitaka kumwombea mdogo wake misa ya wafu, na mtu huyo yuko hai anasubiri kwenye kizingiti! Hilo sitalisahau haraka, wala wewe usilisahau.

Sasa nikusimulie, maana hukuwepo.

Jumamosi nilikuwa Keza tangu asubuhi. Mzee alivaa koti la harusi yake. Pikipiki mbili zikafika saa nane, zimejaa vumbi. Clotilda akashuka, mwanamke mrefu, mweusi, amejifunga kanga mbili. Mzee hakwenda kumpokea. Alisimama tu mlangoni. Kisha akaanza kusema Kirundi, haraka, maneno mengi. Na yule mama akamwangalia, akasema kwa Kiswahili, "Kaka, nisamehe. Sisikii. Kirundi kimenitoka chote."

Yeye anajua Kisubi na Kisukuma cha mume wake. Mzee anajua Kirundi na Kihangaza. Ndugu wa tumbo moja, ikabidi wasalimiane kwa Kiswahili, kama watu waliokutana ofisini.

"Umesafiri salama?" mzee akamuuliza.

"Salama, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu ndani."

Waliketi. Walikunywa uji. Waliongea mambo ya mvua na bei ya mbolea, Nice, nilitaka kupiga kelele. Ndipo Clotilda akaweka kikombe chini, akasema, "Mkono niliuchomoa mimi." Mzee akamkatalia. Akasema, "Hapana. Nilikuwa nimechoka nikaulegeza. Nilimwambia mama tumesukumwa." Wakaanza kubishana, kila mmoja anagombea kosa liwe lake, sauti zikapanda, hadi mke wa mzee akatoka jikoni akidhani wanagombana. Aliwakuta wanacheka na kulia kwa pamoja. Jioni mzee alimpeleka kaburini. Sikuwafuata.

Bado yuko Keza. Na mzee anauliza: iwapo alikuwa Bisibo miaka yote na jina liko kwenye simu tangu 2019, mbona amechelewa hivi? Sitamjibu kwa niaba yako. Njoo umwambie mwenyewe. Uso utaupata njiani.

Mwl. Ildefonsa Thobias

*

Keza
13 Julai 2024

Nice binti yangu,

Mwalimu amenisomea alichokuandikia. Amesema utakuja Jumatatu kumwambia kaka.

Usije kwa ajili hiyo. Kaka ameshaniuliza. Nimemwambia nilichelewa kwa sababu niliogopa. Si uongo, niliogopa kweli, hata kabla ya kukuandikia Limi alinibembeleza wiki nzima. Amekubali. Ukimwambia habari za fomu atahesabu Jumapili zote tangu Machi, moja moja, namjua sasa. Ana umri gani wa kuzihesabu tena? Nataka azipate hizi zilizobaki. Mwalimu amekasirika nami kidogo lakini amesema uamuzi ni wangu, maana barua zilikuwa zangu.

Najua hutafurahi. Unataka kusema ili upumue. Mimi sikukatazi kusema, ila siyo kwake.

Ulimwandikia Mwalimu kwamba ni ujumbe kumi na mmoja wa watu tisa. Mara tatu niliandika mimi. Nimemuuliza Mwalimu kama hao wanane umewajibu, akasema hajui. Mimi nadhani bado, kwa sababu kuwajibu ni kukiri mara nane. Nice, wao wako pale nilipokuwa mimi mwezi wa tano. Wamekaa wanasema, amesoma na hataki.

Kama una nafasi ya safari Jumatatu, itumie kwa hao.

Clotilda Nahimana

*

Biharamulo Mjini
14 Julai 2024

Ndugu Hategekimana,

Hunifahamu. Naitwa Nice Emilian, ndiye ninayeendesha tovuti ya Ndugu Zetu. Tarehe 2 Aprili ulituandikia kwamba jina namba mia moja na nne huenda ni la mama yako mdogo, ukaacha namba ya simu. Uliambiwa utajibiwa hivi punde. Hukujibiwa, na nimepiga namba hiyo asubuhi hii mara nne, haipatikani.

Ujumbe wako haukusomwa na mtu yeyote hadi mwezi uliopita. Hakuna aliyekukataa. Familia iliyoandika jina hilo haijui hata kwamba umeandika. Kosa ni langu peke yangu: nilijenga ukurasa mpya, sikuhakikisha kwamba unafikisha maneno ya watu, na nilipogundua nikachelewa tena kwa woga.

Naituma barua hii kwa anwani ya barua pepe uliyoiacha, na nakala nampa dereva wa basi la Ngara ailete kijijini ulipopataja. Ikukute isikukute, kesho Jumatatu nitakuja mwenyewe kukuulizia.

Nakuomba radhi. Bado wanamtafuta.

Nice Emilian